Mkono wa Kushoto Mgongoni mwa Sanamu

Miaka ile nilikuwa ninaamka tayari nimechoka. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, huko Stockholm, na mke wangu alikuwa akisafisha ofisi za Kista. Tulikaa Husby, mtaa wa jirani. Tulipishana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa, na mazungumzo yetu mengi yalikuwa ya chungu kilichobaki jikoni na mtoto aliyekohoa. Goti liliniuma kwa ngazi, bega kwa kuinua watu. Kiswidi nacho kilinichosha. Ikifika saa tisa mchana maneno yalikuwa yamenikauka mdomoni, nikawa nazungumza kwa kichwa na mikono.

Mama mmoja aliingia katika orodha yangu mwezi wa Oktoba. Alikaa Södermalm, ghorofa ya nne, katika jengo la zamani ambalo lifti yake ilikuwa mgonjwa kuliko wapangaji. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, hakuwahi kuolewa, na katikati ya macho yake palikuwa pamekufa. Aliona kwa pembeni tu. Akitaka kukutazama usoni alilitazama sikio lako.

Siku ya kwanza nilimsalimia kwa adabu ya kwetu. "Habari ya asubuhi, mama," nikamwambia kwa Kiswidi.

"Mimi si mama wa mtu," akajibu. "Sikuzaa."

Nikakwama. Waswidi huitana kwa majina tu, mdogo kwa mkubwa, lakini mimi nililelewa Bukavu, na mdomo wangu haukuweza kumwita bibi mzima kwa jina kama ninaita mbuzi. Nikamwuliza alifanya kazi gani ujanani. Akasema alifundisha historia. Basi nikamwita Mwalimu, kwa Kiswahili. Alilijaribu neno hilo mara mbili, akalikubali.

Nilipewa dakika arobaini za kumwogesha, kumvalisha soksi za kubana, kumpikia uji wa shayiri na kumpa dawa. Wiki ya pili nikagundua kwamba anaoga kama askari anayesubiriwa na gari. Alikuwa anaiba dakika. Zikibaki kumi, aliniketisha mezani, akasukuma mbele yangu rundo la karatasi zilizopigwa chapa, akasema, "Soma."

"Kiswidi changu kibaya, Mwalimu."

"Macho yangu mabaya zaidi. Soma."

Zilikuwa karatasi za kitabu alichokuwa ameandika kwa miaka thelathini, maisha ya mchongaji mmoja wa sanamu, Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, mtu ambaye hata kwao walishamsahau. Sanamu yake moja ilikuwa imefika Stockholm: kichwa na mabega ya mke wa mfanyabiashara wa hapa, aliyechongwa kwa marumaru wakati mumewe alipompeleka Italia kutafuta jua. Mwalimu aliiona akiwa bado msichana, ndani ya ghala la vitu vya kale. "Nilidhani anapumua," aliniambia. Tangu hapo hakumwacha tena mchongaji wake.

Hivyo ndivyo nilivyomjua yule mchongaji, dakika kumi kumi, huku sauti yangu ikijikwaa na Mwalimu akinisahihisha matamshi. Alizaliwa katika kijiji cha baridi chenye mawe mengi kuliko udongo. Baba yake alichonga mawe ya makaburi. Akiwa kijana, jiwe lilimwangukia mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo mkono huo uliweza kushikilia patasi tu, haukuweza kuinua nyundo. Dada yake alipokufa kwa homa, alimchongea malaika wa kaburini kwa usiku na mchana, na watu wa vijiji vya jirani wakaja kwa wingi kumtazama malaika huyo kuliko walivyokuja kuzika. Mchungaji wao akamtafutia watu wa kumsafirisha hadi Italia, mahali ambapo wachongaji wote wa Amerika walikuwa wanakimbilia, kwa sababu ya marumaru na kwa sababu ya jina.

Alikaa Firenze, mji wa huko Italia, zaidi ya miaka ishirini. Aliwachonga maseneta, wake za matajiri, watoto waliolala na mbwa miguuni. Wageni walifika kwenye karakana yake kama tunavyokwenda kanisani. Kisha gazeti moja la kwao likaandika kwamba hachongi mwenyewe: anafinyanga kichwa kwa udongo, halafu mafundi wa Kiitalia ndio wanaopambana na jiwe, yeye anakuja mwisho na kuweka jina. Wachongaji wengi walifanya vivyo hivyo na hawakuona haya. Huyu alikataa. Aliandika barua kali akiapa kwamba hakuna mahali kwenye mawe yake ambapo hapakuguswa na patasi yake, na ya kwake peke yake. Nusu ya watu walimwamini, nusu hawakumwamini. Baadaye mtindo ukageuka, watu wakataka shaba, na yeye akarudi kwao akiwa mzee na mapafu yaliyojaa vumbi. Alikufa katika chumba juu ya zizi la farasi.

Kitabu kizima cha Mwalimu kilisimama juu ya barua ile. Alimwamini.

Kulikuwa na jambo nililolijua kuhusu kazi ya namna hiyo, lakini nilikuwa nimechoka, na soksi ya pili ilikuwa bado.

Siku moja nilipokuwa nampaka mafuta mikononi, aligeuza kiganja changu akakigusa kama anasoma.

"Hii si mikono ya mtu wa hospitali. Ulifanya kazi gani kwenu?"

Nikamwambia. Baba yangu alichonga mbao Bukavu, akanifundisha. Wakati wa chakula alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, maana ndio ulionitangulia kila mahali na ilikuwa aibu mbele ya wageni. Karakanani aliufungua, kwa sababu ulichonga vizuri kuliko wake. Vita vilipotutoa nilifika Nairobi, na huko nikachonga mawe laini kwa miaka sita katika karakana ya bwana mmoja. Tembo, vichwa vya wazee, mama na mtoto. Chini ya kila kimoja bwana yule aliandika jina lake.

"Na hapa huchongi?"

"Hapa ninalala, Mwalimu. Nikipata nafasi."

Hakucheka. Aliniomba kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha ya huduma zake. Alitaka nimpeleke kwenye sanamu. Hakuwa ameigusa kwa miaka, na macho yake yasingemsaidia tena. "Nataka mtu wa kazi hiyo aniambie anachokiona."

Ilikuwa lazima iwe siku yangu ya mapumziko. Mke wangu aliposikia alinitazama kama mtu aliyeuza mlango wa nyumba. "Baba watoto, siku moja unayo ya kupumzika, unaenda kusukuma kiti cha magurudumu bure?" Nikamwambia ni bibi mzee, na ni mara moja tu.

Theluji ya kwanza ilikuwa imegeuka tope. Nilimshusha ghorofa nne kwa kumbeba mgongoni, kisha nikarudi kuchukua kiti cha magurudumu. Ghalani tulipokewa na mlinzi mpole aliyemfahamu Mwalimu tangu zamani. Alitupatia glavu nyembamba, akatuvutia sanamu kutoka ukutani, akakaa kwenye kiti chake kwa mbali.

Ni kweli, mama yule wa marumaru alikuwa anapumua. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, kama mtu aliyeitwa na anataka kuitikia. Nikamweleza Mwalimu kope, sikio, mkufu mwembamba shingoni. Mikono yake ilinifuata juu ya jiwe. Alikuwa na furaha, na mimi nikafurahi. Kisha nikaenda nyuma.

Mbele ya sanamu hupigwa msasa mpaka iteleze. Nyuma, ndani ya uwazi wa mgongo, hakuna anayetazama, na fundi huacha jiwe na alama za patasi. Anayepiga nyundo kwa mkono wa kulia, alama zake hulala upande mmoja. Anayepiga kwa kushoto hulala upande wa pili, kama mwandiko. Hizi zililala upande wa kwangu. Nikachuchumaa, goti likalia. Nikaingia chini ya fundo la nywele, nikapapasa mikunjo ya nguo begani. Kote ni yule yule, mtu wa kushoto, mtulivu, asiye na haraka. Ni fundi mzuri sana. Nilihisi ninamjua.

"Mbona kimya?" Mwalimu akauliza.

Ningeweza kusema ninapumzisha goti. Nilifikiria miaka thelathini ya mtu, na mtu mwenyewe kipofu, kwenye kiti. Halafu nikamfikiria huyu mwingine, fundi ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

"Mwalimu, aliyechonga huku nyuma alipiga nyundo kwa kushoto."

"Haiwezekani. Mkono wake wa kushoto ulivunjika."

"Ndiyo. Kwa hiyo si yeye."

Alitoa mikono yake kwenye jiwe. Nikamrudisha kwake. Nilipompandisha ngazi mgongoni, nilimsikia akipumua karibu na shingo yangu, na nilipomkalisha kitandani alisema, "Wewe ni mwogeshaji." Hakupaza sauti. Jumatatu ofisi yangu ikanipigia simu: ameomba mtu mwingine.

Sikumlaumu. Lakini nilichoka kwa namna mpya, uchovu usioisha kwa kulala. Mke wangu aliona.

"Kwa nini hukunyamaza?" akaniuliza. "Yule mama amebakiza miaka mingapi? Ungemwachia furaha yake."

"Angekufa akiamini uongo."

"Sisi wote tutakufa tukiamini kitu, baba watoto." Alikuwa anakunja nguo za kazi. Baada ya muda akaongeza, "Ni kwa ajili ya yule bwana wa Nairobi, ndiyo?"

Nikachukua shati moja, nikakunja. Ilikuwa ndiyo, naye alijua.

Nilipewa wazee wengine, mmoja wa Kista aliyetaka viazi vyake vikatwe vipande sawa, mwingine aliyelia kila akiniona kisha akaniomba radhi. Majira ya baridi yakapita hivyo. Mwezi wa Machi ofisi ikapiga tena: Mwalimu ananitaka mimi, na hataki maelezo.

Nilimkuta amekonda. Hakuniomba msamaha na sikutegemea aniombe. Aliniambia niende kwenye kabati, boksi la tatu, nitoe nakala za barua za mke wa mchongaji. Alizikumbuka nyingine kwa moyo, lakini alitaka kusikia. Nikasoma mpaka nilipofika kwenye barua moja aliyomwandikia dada yake mwenyewe, ya mambo ya nyumbani: joto la Firenze, nzi, mpishi mvivu, na, kwa maneno yake mwenyewe, yule fundi ambaye mume wangu hula naye mezani kila mchana, ananichosha, maana anashika kijiko kwa kushoto na kiwiko chake kinanigonga ubavuni.

"Simama hapo," Mwalimu akasema.

Nikasimama.

"Barua hiyo nimeisoma mara mia. Niliitumia kuonyesha kwamba mke yule alikuwa na tabia ya kulalamika." Macho yake yalikuwa kwenye sikio langu. "Mumewe alimkalisha fundi huyo mezani kwake kila siku, halafu akaapa mbele ya dunia kwamba hayupo."

"Labda aliogopa."

"Bila shaka aliogopa. Chukua kalamu."

Tukaanza sura mpya, dakika zetu zile zile za kuiba. Yeye alisema, mimi niliandika kwa Kiswidi changu kilichopinda. Hakumtukana mchongaji wake. Aliandika kwamba uso ulikuwa wake, yule mdomo unaotaka kuitikia. Kwamba jiwe lilikuwa la watu wawili. Na kwamba mmoja wao alikula mchana nyumbani kwa mwenzake kwa miaka mingi na hatujui hata alikozaliwa. Siku nyingine alichoka baada ya sentensi moja. Siku nyingine mimi ndiye niliyesinzia na kalamu mkononi, naye akaningoja, nikashtuka na kukuta amekaa vile vile, amenyamaza ili nisiamke. Tulipata kurasa kumi na moja.

Mwezi wa Juni alianguka bafuni, si zamu yangu. Alipelekwa kwenye nyumba ya wazee upande mwingine wa mji. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili hakunijua kwa sauti, lakini alipogusa kiganja changu alisema, "Aa," akaendelea kukishika mpaka muda wa treni yangu ulipofika. Alikufa kabla ya majani kuanguka. Kanisani tulikuwa wachache, na mimi niliondoka kabla ya kahawa ya baada ya mazishi kwa sababu kuna mzee alikuwa anasubiri chakula cha mchana.

Mpwa wake, mwanamke wa makamo, alinitafuta baada ya muda. Alikuwa ameamua kukichapisha kitabu, nakala chache, lakini sura ya mwisho ilimshinda kusoma. Tuliketi kwake alasiri nzima. Mimi nilisoma mwandiko wangu mwenyewe kwa sauti, makosa yangu yote ya tahajia, na yeye akapiga chapa. Mahali pamoja aliniuliza, "Hapa ni shangazi anayesema, au ni wewe?" Nikatazama. Ilikuwa sentensi kuhusu jinsi fundi anavyolijua jiwe kwa mgongo wake kabla ya mikono. Sikukumbuka ni nani aliyeisema.

"Iandike tu," nikamwambia.

Kitabu kilitoka. Ninacho nyumbani, sijakisoma chote. Ni kirefu, na jioni macho yangu hufumba kabla ya ukurasa wa pili. Binti yangu alikichukua siku moja, akaniuliza kwa Kiswidi huyu mtu alikuwa nani. Nilimjibu kwa Kiswahili. Nilimwambia walikuwa wawili, nikamwambia aketi, nikaanza kumweleza tangu kijiji cha mawe.