Kiwiko cha Bi Tunu

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja, Bi Tunu aliinamia beseni la mayai ya kambale uani kwao Boko, akachovya kiwiko kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Ilikuwa Julai, kipupwe. Mumewe, Mzee Mbwana, kasimama na birika la maji ya moto.

"Baridi hayo, Mama Farhan. Niongeze kidogo?"

"Unataka vifaranga au supu?"

Mzee akarudisha birika. Alijua anasutwa nini. Mwaka wa nyuma aliliweka beseni juani ili mayai yaanguliwe upesi. Yakaanguliwa upesi kweli, ila vifaranga wakatoka wamepinda mikia, wakizunguka kama walevi. Jioni wote wamekufa. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Hata kuchagua samaki mama, Mzee hakujua. Alipenda majike membamba yanayong'aa. Bi Tunu alikuwa na lake moja zito, la miaka minne, akaliita Shangazi.

"Mama akishiba, yai kubwa," alikuwaga akisema. "Mtoto anatoka na akiba yake tumboni."

Wiki ile ile ya birika, presha ikamchukua Bi Tunu.

Kipupwe kilichofuata, Mzee Mbwana akaapa: Shangazi asipoleta watoto, bwawa la kambale pale uani linafukiwa. Kulitazama tu kulimchoma. Jirani, Farida, akaja kumdunga Shangazi sindano ya kukomaza mayai. Kesho yake asubuhi wakamkamua mayai, wakayachanganya na mbegu za dume. Mzee akachovya kiwiko. Baridi. Akaacha hivyo hivyo.

Siku nzima, kimya. Usiku, kimya. Kulipokucha Farida akachungulia.

"Shikamoo mzee. Chemsha maji bwana, yamekufa hayo!"

"Marahaba. Yaliyokufa huwa meupe. Haya yana ukijani."

"Ubishi wa marehemu huo!"

"Kaniachia urithi."

Adhuhuri ilipopita, beseni zima likaanza kucheza. Vijikia vyembamba kama sindano, vimenyooka vyote. Farida akapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili wakadhani kuna harusi. Mzee alicheka, akachovya tena kiwiko, bila sababu.

Bwawa halifukiwi. Asubuhi ile ya birika, alipong'ang'ania kuuliza mbona mayai yanachelewa, Bi Tunu alimjibu bila hata kugeuka:

"Mayai hayajachelewa, Baba Farhan. Wewe ndiye uliyewahi."