Mama Eliaichi na Bure ya Jirani

Mama yangu mdogo, Justa Mndeme, ambaye Myamba nzima, kijiji cha milimani huko Same, inamwita Mama Eliaichi, ni mtu wa kunusa noti. Simsingizii. Ukimpa elfu kumi anaipeleka puani, halafu anaiinua juani, halafu anakutazama wewe, na mara nyingi wewe ndiye unayemtia shaka kuliko noti. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, yeye hufumba moja.

Hakuzaliwa hivyo. Ujana wake aliumalizia tambarare, kwenye shamba la mkonge, akianika singa pamoja na watu wa kila kabila la nchi hii. Siku moja wakakusanywa kiwanjani wakaambiwa shamba linabinafsishwa, mwekezaji anakuja, na hakuna atakayepoteza kitu. Mwekezaji akaja kweli. Mama mdogo akapanda mlima na godoro kichwani, mtoto mgongoni na deni dukani. Tangu hapo, ukitamka maneno “bila gharama yoyote” mbele yake, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye fundo la kanga kulikofungwa pesa.

Huko juu alianza kununua tangawizi kwa wakulima na kuishusha Same, ambako lori la Humphrey, tajiri wa Kariakoo, lilikuwa likisubiri. Simu aliipata mapema kuliko watu wengi wa huko, na aliitumia kwa namna ambayo ingemliza mwenye kampuni yeyote: hakuwahi kumpigia mtu. Mkulima aking'oa tangawizi anambipu mara moja, simu inalia kidogo na kukatwa kabla haijapokewa. Mama mdogo anaangalia jina, anachukua magunia, anakwenda. Humphrey akitaka mzigo, anapiga mwenyewe kutoka Dar es Salaam kwa pesa yake. Miaka mitano mnara wa simu wa huko ulimhudumia bure kabisa.

Na kwa kuwa kila mkulima alibipu peke yake, kila mkulima aliuziana naye peke yake. Wa bonde la juu alipewa bei yake, wa kanisani alipewa nyingine, na wote wawili waliambiwa, “Hii nakupa wewe tu, usimwambie jirani yako.” Gunia nalo lilikuwa lumbesa, lile la kuongezewa kichwa cha kamba mpaka linafanana na mwanamke aliyebeba maji. Bei ya gunia ilibaki ileile msimu mzima. Kilichokua ni kichwa.

Basi ndiyo ikaja Jirani.

Jirani ilikuwa kampuni mpya ya simu, ya bei chee, wakati ule ambao kila mwezi kulizaliwa kampuni na kila kampuni ilikuwa na wimbo wake. Walisimamisha mnara juu ya Myamba, wakaja siku ya soko na gari lenye spika, wakagawa laini kama peremende. Ukiwa na laini ya Jirani ukimpigia mwenye Jirani mwenzako, mchana ni senti, na kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri ni bure. Watu walipanga foleni kuliko ya chanjo. Wazee ambao hawakuwa na simu walichukua laini wakaziweka kwenye Biblia.

Mama mdogo alisimama mbali na lile gari, mikono kiunoni. Aliyekuwa akigawa laini ni msichana mmoja anaitwa Ikupa, mtu wa Mbeya, fulana ya kijani mpaka magotini, sauti imekauka kwa kutangaza. Akamnyooshea laini.

“Chukua mama, ni bure.”

“Nani anakulipa wewe?”

“Kampuni.”

“Na kampuni inalipwa na nani, kama ni bure?”

Ikupa akacheka, akasema huu ni mtandao wa wananchi, faida siyo kitu cha kwanza. Hapo ndipo alipokosea. Mama mdogo akamsogelea.

“Mwanangu, mimi nanunua tangawizi. Mwaka ule alipotokea mnunuzi mwingine hapa, nilinunua kwa hasara msimu mzima, wakulima wakaniita mama huruma. Alipokimbia, nikarudisha bei yangu na kidogo juu yake. Sasa niambie, ninyi mnamkimbiza nani?”

Ikupa akampa laini mtu aliyefuata.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepanda kutoka Same na mkoba wa vocha za mitandao yote, maana biashara niliyokuwa nayo kando ya stendi ilikuwa hiyo. Kabla ya hapo nilisoma nusu ya stashahada ya masoko. Nusu nyingine bado iko chuoni, sijui nani anaitumia. Lakini nusu niliyoipata ilikuwa na somo la bei, kwa hiyo jioni ile nilimweleza mama mdogo jinsi mchezo ulivyo. Nilimwambia Jirani akimpigia Jirani, kampuni hailipi mtu. Mnara ni wake, usiku umelala, mkiongea au msipoongea gharama ni ileile. Lakini Jirani akipiga mtandao mwingine, kampuni yake lazima iwalipe wenye mtandao huo. Ndiyo maana kwenda nje wameweka bei ya kuumiza, na hata ukikohoa tu ukakata, unalipia dakika nzima. Pesa yao iko pale getini. Ndani unakula bure, ukitaka kutoka unalipa, na wakishaingia watu wote ndani, bure nayo inaanza kupungua.

Mama mdogo alisikiliza akimenya ndizi. Kisha akaniuliza kama Wilbard anapata sehemu ya hizo pesa.

Wilbard ni huyo mnunuzi aliyekimbizwa. Alikuwa amerudi, sasa ana pikipiki na miwani, na alifanya jambo la akili: alichukua laini za Jirani pakiti nzima, akazigawa mlango kwa mlango, kila moja ikiwa imeshahifadhiwa namba yake. Nilimwambia mama mdogo kwamba Wilbard ni mteja tu, kampuni haimjui hata kwa jina. Hakuniamini. Akasema mtu hagawi kitu mlango kwa mlango bila kuwa na baba nyuma yake.

Bipu zikaanza kupungua. Kwanza hakutetereka, akasema mvua imechelewesha kung'oa. Halafu akaona pikipiki ya Wilbard ikiteremka na magunia kutoka bonde la juu, kwa watu ambao mvua ilikuwa imewachelewesha. Hapo shaka ikapata mabawa. Alishuku simu yake imefungiwa. Alishuku mnara mpya unakula bipu za mnara wa zamani. Alinituma nimbipu kutoka chooni, kutoka kanisani, kutoka mtoni. Zote zikafika, akashuku kwamba zangu zinaachiwa makusudi ili yeye asishtuke.

Nilimwomba achukue laini ya Jirani na yeye, yaishe. Wakulima wangempigia kwa senti kama wanavyompigia Wilbard. Akasema ndicho wanachokitaka. Na Humphrey je, aliye mtandao wa zamani? Laini mbili zinataka simu mbili, au kutoa na kuingiza kadi mchana kutwa kama mtu anayebadilisha meno. Akabaki nje ya uzio, peke yake, amenuna.

Jambo ambalo hakulishuku, yeye mwenye kushuku kila kitu, ni kwamba wakulima walikuwa wanaongea. Si na Wilbard. Wao kwa wao. Myamba nyumba na nyumba zimetenganishwa na korongo. Kumfuata mwenzako kumuuliza kauza shilingi ngapi ni safari ya nusu siku, na watu wana kazi. Sasa ikawa saa nne usiku ikigonga, mlima mzima unanong'ona chini ya blanketi. Wakamaliza habari za ndoa, wakamaliza habari za ng'ombe, na kwa kuwa usiku ni mrefu na bure haiishi, wakafika kwenye tangawizi. Wa bonde la juu akamwambia wa kanisani alilipwa ngapi. Nasikia wa kanisani alimwomba arudie hiyo bei mara tatu, bure.

Mwisho wa mwezi Jirani wakatuma ujumbe. Walimshukuru mteja wao mpendwa, wakamtakia baraka, na katikati ya shukrani wakapenyeza kwamba bure ya usiku inafikia kikomo Jumapili. Mama mdogo nilipomsomea, alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kaburi alilolichimba mwenyewe. “Watu wote wameshaingia,” akasema. “Wanafunga geti.”

Wakulima walizitumia siku zile za mwisho vizuri. Jumatatu yake ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimekaa na mama mdogo kwenye benchi la duka la Mzee Melkizedeki, mkoba wangu wa vocha mapajani, simu yake ikaita. Si bipu. Iliita mpaka watu wakageuka. Alikuwa Rubeni Mgonja wa bonde la juu, kijana aliyeshika shamba la baba yake.

Rubeni alikuwa anapiga kutoka Jirani kwenda nje. Nilijua, maana asubuhi ileile aliniletea mchango wa watu, noti zimekunjwakunjwa, akanunua vocha za Jirani kuliko alizowahi kununua maishani. Sikujua za nini. Nilikuwa nafanya biashara.

“Shikamoo Mama Eliaichi,” akasema kwa haraka. “Wakulima wote tumeelewana. Bei tunataka moja, na gunia lishonwe mdomoni, bila kichwa. Wilbard tumempigia, amesema anamuuliza tajiri wake, atajibu jioni. Atakayesema ndiyo wa kwanza anapata mlima wote, msimu wote. Bei yenyewe ni…”

“Marahaba,” mama mdogo akamkata. “Mama yako hajambo?”

Nikamwona usoni. Alikuwa ameshaelewa. Huko kwetu salamu hairukwi. Aliyekuzidi umri akikuuliza mama yako, unajibu, na ukijibu nusunusu habari itafika nyumbani kabla yako. Na kila jibu la Rubeni lilikuwa linateketeza vocha ya watu getini kwa Jirani. Mama mdogo hana salio la kupiga wala laini ya bei chee, ila muda wa salamu anao. Aliuliza mguu wa mama yake. Akauliza mguu ule mwingine. Akauliza yule ng'ombe aliyetumbukia korongoni, bati la jikoni, shemeji aliyeko Lembeni, na kama kweli shemeji huyo ameokoka au ni maneno ya watu. Rubeni alijibu akitweta kama mtu anayepanda mlima na gunia. Mpango ulikuwa wazi: amchoshe, salio likaribie kuisha, kijana akubali bei yoyote atakayotajiwa.

“Haya,” akasema mwishoni, sauti laini kama uji. “Ulikuwa unasema bei ni ngapi mwanangu?”

Simu ikakata.

Alisubiri ipigwe tena. Tukasubiri wote. Mzee Melkizedeki akaacha kupima sukari. Haikupigwa, maana wa kupiga alikuwa ameishiwa, na mchango ulikuwa umekwisha kwenye miguu ya mama yake. Kwa senti iliyobaki angeweza kumpigia mnunuzi mmoja tu, naye alikuwa ndani ya uzio huohuo: Wilbard. Mama mdogo akaliona hilo wakati mmoja na mimi. Barabarani pikipiki ikapita, si ya Wilbard, lakini alisimama.

“Nipe vocha,” akasema.

“Ya shilingi ngapi?”

“Wewe kwangua.”

Nikakwangua, nikamwekea. Mtandao wa zamani nao, kwenda Jirani, ulikuwa unatoza vilevile kwa kuumiza. Geti lina pande mbili. Sikumwambia. Nikambonyezea namba, akaiweka sikioni kwa mikono miwili, simu ya kwanza aliyowahi kumpigia mtu tangu anunue simu.

“Bei,” akasema. Bila salamu. Mzee Melkizedeki akashika shavu.

Ng'ambo ya pili Rubeni naye akaelewa. Nilisikia sauti yake ikitoka ndani ya simu, sasa haina haraka hata kidogo. “Shikamoo mama.”

“Marahaba, bei.”

“Eliaichi hajambo? Shule wamefungua?”

“Wamefungua. Rubeni, pesa yangu inakwisha.”

“Na kiuno chako mama, kile kilichokusumbua masika?”

Alijibu. Alijibu kiuno, akajibu Eliaichi, akajibu hata kuku aliyeibwa, jasho linamtoka, macho ameyakaza kwenye mkoba wangu kana kwamba mimi ndiye ninayemfyonza. Nikakwangua nyingine nikaiweka tayari. Hatimaye Rubeni akataja bei. Ilikuwa kubwa kuliko ya kanisani na kubwa kuliko ya bonde la juu, ila haikuwa ya kumfilisi. Walikuwa wamekaa usiku mwingi kuipima. Mama mdogo akafumba macho yote mawili. Akauliza kama Wilbard ameshajibu. Rubeni akasema bado, lakini jioni haiko mbali.

“Ndiyo,” akasema mama mdogo.

“Na gunia bila kichwa?”

“Nimesema ndiyo. Waambie waanze kung'oa, nakuja mwenyewe.”

Akaitoa simu sikioni, akaishika mbele yake kama yai. Mlima wote ulikuwa wake msimu ule, kwa bei ya watu wengine. Akanigeukia, na shaka ileile ya siku zote usoni.

“Mbona bado inaongea?”

“Hujakata, mama mdogo.”

Maisha yake yote waliompigia ndio waliokata. Hakujua kitufe kiko wapi. Nikakibonyeza, wakati dakika nyingine ilikuwa imeshaanza.