Sahani ya Mukuba kwa Wenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo. Frère Mkurugenzi, mtawa mrefu aliyeongoza karakana ya parokia yetu hapa Likasi, alinipitisha katikati ya wanaume waliokaa kwenye viti vifupi wakigonga shaba, akanikabidhi kwa chef d'atelier, yaani msimamizi wa kazi, akaenda zake. Msimamizi huyo alikuwa Papa Kalonji. Alinitazama mikono kwanza, kisha uso, akanipa koleo refu na kunisimamisha mbele ya moto wa makaa.

"Weye unataka kupiga," aliniambia. "Kwanza jua kungoja. Mukuba inachoka. Ukiipiga sana inakuwa nguvu, inakataa, kisha inapasuka. Irudishe ku moto, ipumzike."

Nyumbani sote tulisema mukuba. Shaba lilikuwa neno la shuleni. Kazi yangu ikawa kulainisha: kushika bamba kwa koleo hadi liwe jekundu kama nyanya, kulitumbukiza majini, kulirudisha kwa aliyelileta, kuchukua lingine. Niliona kama adhabu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa miguu ikiwa tayari inatembea, na mtu wa namna hiyo kumsimamisha mbele ya moto toka asubuhi ni kumtesa. Nilikuwa nahamisha uzito mguu huu hadi ule, nachungulia viti vya wenzangu, nahesabu nani atazeeka anipishe. Papa Kalonji aliona yote. Hakunigombeza. Aliniachia moto mpaka nikaanza kujua, kwa rangi tu, bamba lililo tayari na bamba linalonidanganya.

Niwaeleze ninyi vijana kazi ilivyokuwa, maana wengi mmeona sahani hizi kwa bibi zenu bila kujua zimetoka wapi. Bamba la shaba hulazwa juu ya kitanda cha lami iliyochanganywa na vumbi la matofali. Lami hulishika bamba lisikimbie, lakini pia hukubali kubonyea. Mpigaji huanzia mgongoni. Kwa nyundo ndogo na vyuma vyenye ncha butu anasukuma shaba kutoka nyuma ili mbele kuvimbe jani, pembe ya ndovu au uso wa Bikira. Kisha anageuza na kusafisha mistari kwa mbele. Mwisho ni limau na majivu, halafu nta. Ukikosea mgongoni, mbele hapadanganyi.

Tulipiga vitu vingi, lakini kilichotulisha ni sahani ya ndoa, ile ya mviringo yenye majina ya bwana na bibi harusi. Ilitundikwa saloni, juu ya redio. Jumamosi mabinti wa nyumba waliishusha na kuisugua huku wakigombana. Wakwe wakija, waliletewa maji juu yake. Mtoto akibatizwa, nguo zake nyeupe ziliwekwa humo mpaka wakati wa kwenda kanisani. Nimepita nyumba zisizo na kabati wala kitanda cha maana, lakini sahani iko ukutani, inang'aa, na mwenye nyumba anakukalisha mahali utakapoiona.

Papa Kalonji alikuwa na alama yake: zabibu kwenye ukingo, na kati ya zabibu jani moja lililokunjika kama limeguswa na upepo. Hakuna mwingine aliyeweza jani lile. Baba yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa mwingine, kuja kuchimba mgodini, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaoa hapa. Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu.

Nilipokwisha kujua kazi, nilihamishwa kituo cha watawa cha Kambove kufundisha. Mkuu wa kituo kule alikuwa mtu wa haraka. Alinunua mashine ya kukandamiza iliyotoa ndovu ishirini wanaofanana kabla chai haijapoa, akaniweka niisimamie. "Watu wanataka ndovu," aliniambia, "hawaulizi ametembea kwa miguu gani." Labda alisema kweli. Mimi mikono iliniwasha. Niliomba kurudi Likasi, nikaomba tena, na Frère Mkurugenzi alipochoka na barua zangu akanirudisha kwenye kiti kilicho kando ya Papa Kalonji. Nilimwoa Anyesi nikiwa kwenye kiti hicho. Sahani yetu niliipiga mwenyewe, na mwalimu wangu akaipitia bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa.

Kisha ikaja miaka mibaya. Mnajua ninayosema. Watu wa asili ya Kasai wakaambiwa hapa si kwao. Waliokuwa majirani wakawa wageni kwa neno moja, nyumba zikavunjwa madirisha, na familia nyingi zikakimbilia stesheni kungoja gari la moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Karakana ilifungwa. Asubuhi moja kiti cha Papa Kalonji kilikuwa kitupu hata kabla ya mlango kufungwa.

Nilimtafuta stesheni, kwetu tunasema gare. Sijapata kuona watu wengi hivyo mahali padogo hivyo: mahema ya plastiki, sufuria, wagonjwa, watoto wakilala kwenye reli. Nilimkuta na mkewe Mama Mbuyi na watoto wao chini ya shuka iliyofungwa kwenye uzio. Alikuwa hajanyoa. Niliwaletea unga. Hakuuangalia. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa kitenge, akanipa.

"Ndani ya wagon hakuna nafasi," alisema. "Bantu banapanda juu ya bantu. Kisimba, unilindie hii."

Ilikuwa sahani yao ya ndoa, aliyoipiga akiwa kijana. Nilitaka kumwambia asiwe na wasiwasi, kwamba atarudi karibuni. Nilimwambia tu nitaitunza, akaitikia kwa kichwa, akageuka kumfunga kamba mtoto wake wa kike, Ngalula, asipotee katika umati.

Kutoka stesheni hadi kwetu Kikula ni mwendo wa kawaida, lakini siku zile kulikuwa na vizuizi. Mchana ule mwanaume mmoja mwenye panga, akiwa na wenzake, alinisimamisha na kuniuliza nilichobeba. Nikasema ni kazi yangu, mimi ni mtu wa mukuba. Akafungua kitenge, akasoma majina.

"Kalonji na Mbuyi. Haya si majina ya kwetu. Unachunga vintu vyao?"

Wenzake walisogea. Nilikuwa nimeoa, nina watoto. Lakini yule mwanaume alikuwa bado ameishika sahani, na kidole gumba chake kikawa kinatembea kwenye ukingo, juu ya zabibu, kikasimama.

"Kwa mama iko moja sawa na hii," alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe.

Nikamwuliza mama yake anakaa wapi. Akasema mtaa wa Panda. Nikamwuliza kama kati ya zabibu kuko jani moja limekunjika. Akaniangalia.

"Ile ya mama yako," nikamwambia, "mwenye kuipiga njo huyu Kalonji. Sasa iko ku gare. Analala chini na batoto yake."

Sikuwa jasiri, niliongea kwa sababu sikuweza kunyamaza, na mpaka leo sijui kwa nini hakunipiga. Aliifunga sahani mwenyewe katika kitenge, vibaya, kona zikining'inia, akanirudishia.

"Pita," alisema. "Na usipite huku tena."

Gari la moshi liliwachukua akina Kalonji baada ya majuma mengi. Sikuwaona wakiondoka.

Iliyofuata ilikuwa njaa. Kampuni ya migodi haikulipa tena, na mji uliojengwa juu ya shaba ukaanza kujiuza kwa kilo. Mimi nikapata kazi kwenye depo ya vyuma chakavu, kuchambua. Patron, mwenye depo, alinipenda kwa sababu niliweza kutenga shaba safi na ile iliyochanganywa kwa kuigonga na kusikiliza. Zililetwa nyaya, mabomba, masufuria. Halafu zikaanza kuja sahani. Zilikunjwa kwa kiatu ili ziingie kwenye gunia. Nyingine nilizijua, nilikumbuka harusi zenyewe, nani alicheza, nani alilewa. Siku moja nilimwendea Patron na moja mkononi nikamwambia hii ni ndoa ya watu.

"Miye nanunua kilo," alinijibu bila hasira. "Sinunue ndoa."

Nilirudi kwenye lundo langu. Nilikuwa nikifika nyumbani siwezi kukaa. Nazunguka ua, naingia, natoka, Anyesi ananifuata kwa macho.

Ukutani kwetu zilikuwepo sahani mbili, yetu na ya Papa Kalonji, bega kwa bega. Mtoto wetu mdogo alipougua homa kali na hospitali ikataka dawa zinunuliwe kwanza, Anyesi alipanda kiti. Nilidhani najua atashusha ipi. Ya Kalonji ilikuwa kubwa zaidi na nzito zaidi. Mnunuzi anayepita mtaani alikuwa amekwisha kuiona kupitia dirisha na kuiulizia. Wenyewe walikuwa mbali, labda walikuwa wamekufa. Hata mimi ningemwelewa.

Alishusha yetu. Akaipangusa kwa kanga yake, akanipa.

"Hii tuko na haki ya kuiuza," alisema. "Ile ingine iko na wenyewe."

Niliipeleka depo. Sikutaka mwingine aikunje, niliikunja mwenyewe. Mtoto alipona. Leo ni mtu mzima, fundi wa umeme, na hapendi nikilisimulia jambo hili mbele ya watu.

Amani iliporudi, parokia ilifungua tena karakana ndogo, na mimi nikawa chef d'atelier mahali pa mwalimu wangu, mpaka nilipostaafu. Nilisikia kwamba Papa Kalonji alifika salama Mwene-Ditu, huko Kasai, kisha nikasikia kwamba amekufa. Barua nilizoandika hazikujibiwa. Sahani ilibaki ukutani. Jumamosi Anyesi aliisugua kama mali ya mgeni, kwa uangalifu kuliko vya kwetu.

Mwaka juzi mwanamke alibisha hodi, muuguzi, mtu wa makamo, na mkoba begani. Alijitaja: Ngalula. Yule mtoto wa kamba. Alipoingia saloni alisimama, akatazama ukuta, akakaa bila kukaribishwa.

Alitueleza kwamba baba yake alimaliza maisha akiziba masufuria sokoni. Shaba hakuigusa tena. Lakini kila mwaka mpya alikuwa akiwaambia watoto kwamba sahani yake iko Likasi kwa Kisimba.

"Mama alisema mulishaiuza," alisema. "Bantu bote baliuza. Papa alikataa. Baligombana juu ya hii sahani mpaka mwisho."

Anyesi aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko kitambo.

Niliishusha nikampa. Ngalula hakuyatazama sana majina. Aliigeuza. Mgongoni, ambako hakuna mgeni anayetazama, kuna mashimo madogo ya nyundo, mengi, kila moja mahali pake. Akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Hapa njo alipiga," alisema.

Nikamwambia ndiyo, ni hapo.

Aliondoka nayo. Ukutani pamebaki duara jeupe kuliko ukuta, na Anyesi hataki nipake rangi.

Mnaniuliza kustaafu kukoje. Sijui kukaa, huo ndio ukweli. Malori yanapita barabarani yamebeba mabamba ya shaba safi, yanakwenda nje, na mimi nasimama mlangoni nayatazama mpaka Anyesi aniite. Mwezi uliopita kijana wa jirani na mchumba wake walikuja kuniomba sahani ya ndoa. Walinionyesha kwenye simu picha ya sahani waliyoipenda. Nilizunguka Likasi nzima, mji wa shaba, sikupata bamba. Ilibidi litoke Lubumbashi. Jina la msichana ni refu, halikai vizuri, nimelipiga mara mbili na mara mbili nimerudisha bamba motoni. Mikono inatetemeka asubuhi, mchana inatulia. Harusi ni Jumamosi. Ningeweza kuwaeleza mengine, habari za wakuu niliosahau kuwataja na viti nilivyokalia, lakini wakati nasema nanyi bamba liko kwenye makaa, na nikitazama rangi yake kutoka hapa naona limekwisha kuwa tayari. Nipisheni.