Kofi la Kiwanja cha Woodbridge

Wiki iliyopita nilikwama kwenye foleni ya barabara kuu ya tisini na tano, ile inayotoka Washington kushuka kusini, na kwa uchovu nikachepuka Woodbridge. Sikuwa na shughuli yoyote huko. Nilipokuja kushtuka, nimesimamisha gari mbele ya kiwanja cha zamani cha besiboli. Timu iliyokuwa ikichezea pale ilishahama. Nikashusha kioo. Kuna mtu alikuwa akikata majani mahali fulani karibu, na ile harufu ya majani mabichi ilipoingia garini, shavu langu la kushoto likapata moto kama lililoguswa dakika hiyo hiyo. Keti, rafiki yangu, nikueleze kwa nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka saba. Tuliishi ghorofa ya pili katika nyumba za kupanga, si mbali na kiwanja hicho. Baba aliosha vyombo katika hoteli moja ya Washington. Mama aliwahudumia wakongwe katika nyumba ya kulea wazee. Walikuwa wametoka Dodoma nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nyumbani walinisemesha Kiswahili nami nikawajibu Kiingereza, jambo lililomchekesha baba siku njema na kumkera siku mbaya.

Siku mbaya alikuwa anapiga. Nalisema wazi, wala simsengenyi. Alipiga kama alivyopigwa yeye: kofi moja au mawili, basi, kisha anakuita mle. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa maji ya moto na sabuni za hotelini. Jirani yetu wa juu, nesi kutoka Kenya, alimwonya mara nyingi. "Mzee, hapa mtoto hachapwi. Atapigia polisi simu, uone maajabu." Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu mimi? Anipeleke polisi mimi?"

Lakini neno polisi halikuwa la kuchekesha nyumbani kwetu mwaka ule. Wazazi wangu walikuwa wameitwa kwenye usaili wa makaratasi ya ukaazi, na zilibaki wiki tatu. Mwanasheria aliwaambia kwamba hadi siku hiyo jina la baba lisiandikwe katika daftari la askari yeyote, kwa kosa lolote. Likiandikwa, huenda tukafungasha sote kurudi. Mama alilirudia hilo asubuhi na jioni, kama sala.

Tiketi za mchezo wa Jumapili moja pale kiwanjani tulipewa na yule nesi, ambaye alizipata kazini kwake akawa na zamu. Mama naye alikuwa na zamu Jumapili hiyo, kwa hiyo ikawa mimi na baba. Mama alitufungia maandazi na karanga, akasimama mlangoni.

"Huko kuna walevi," alisema. "Ukitukanwa, huna masikio."

"Nakwenda kutazama mpira, siendi vitani."

"Nakujua mimi."

"Na mimi najijua," alijibu baba, na tukateremka ngazi.

Sasa nikufafanulie mchezo wenyewe, maana nami ulinichukua muda kuuelewa. Kama utotoni ulicheza rede, nusu umeshaijua. Katika rede mpira ni wa soksi na matambara. Ukikupata mgongoni unacheka. Huu wa besiboli ni mgumu kama jiwe lililoviringwa ngozi. Mtu mmoja anasimama kwenye kichuguu kidogo na kuurusha kwa nguvu zake zote. Mwenziwe anamngoja na gongo. Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne hadi arudi alipoanzia. Nyuma yake amechutama mtu aliyejifunika chuma usoni na ubao kifuani, kazi yake kudaka. Gongo na mpira vikikutana hutoa mlio kama wa mfupa unaovunjika. Ukilifahamu hilo tu, unaweza kwenda kutazama na usipotee.

Ilikuwa timu ndogo, ya vijana wanaolipwa kidogo huku wakitamani kupandishwa kwenye timu kubwa, na labda ndiyo maana walicheza kama watu wenye njaa. Mapema tu mpira ulimrudia mrushaji ukampiga kwenye ugoko, nikamsikia akilia kama mbuzi. Baadaye gongo likapasuka, na kipande chenye ncha kikaruka kama mkuki hadi karibu na uzio wetu. Baba alinivuta kifuani kwake. Mbele yetu aliketi mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana ya majani makavu. Aligeuka, akanipa peremende, akamwambia baba kwa upole, "Usijali, ni sehemu ya mchezo."

Kisha mrushaji, kwa hasira au kwa bahati mbaya, akamtwanga mpigaji kwa mpira mbavuni.

Yule kijana alitupa gongo na kumwendea. Kufumba na kufumbua, wachezaji wote walikuwa wamemwagika kutoka vibandani mwao. Nilikuwa sijawahi kuona watu wazima wakipigana hivyo. Ngumi zilitua vichwani, kofia zikaruka, mmoja akakabwa shingo chini huku mwingine akimkanyaga mguu, na pua ya mtu ikachirizika damu kwenye fulana nyeupe. Watu waliotuzunguka walisimama na kushangilia. Kina mama waliwainua watoto waone vizuri. Yule mama wa kofia alipiga mluzi kwa vidole viwili.

Baba alinifunika macho, ila aliacha mwanya kati ya vidole, sijui kwa kusahau au kwa huruma.

"Umeona, mama?" aliniambia. Aliniita mama, maana nilirithi jina la mama yake. "Watu wanatwangana mchana kweupe, na askari yule pale anakula mahindi yake."

Kweli, askari alikuwa amesimama kwenye ngazi akitafuna bisi. Baada ya muda wachezaji walijikung'uta vumbi na mchezo ukaendelea, kana kwamba ilikuwa ni mvua tu imepita. Baba akatulia. Akaanza kumenya karanga, na hata akafika mahali pa kupiga kelele, "Kaonewa huyo!" bila kujua nani kamwonea nani.

Ndipo mpira ukaja kwetu.

Desturi yao ni hii: mpira ukipotea ukaingia kwa watazamaji, ni wa atakayeupata. Anakwenda nao nyumbani, na mtoto aliyeupata ni mfalme wa shule wiki nzima. Huu uligonga ngazi, ukadunda, ukaviringika chini ya kiti changu. Niliinama nikaushika. Ulikuwa bado wa moto. Kabla sijainuka, mkono mkubwa ulitokea safu ya nyuma, ukakamata vidole vyangu na kuvipinda kimoja kimoja. Alikuwa mtu wa makamo, shingo nyekundu, ananuka pombe. Nililia. Aliupata.

Baba alisimama. "Mpe mtoto," alisema kwa Kiingereza chake cha pole pole.

"Keti chini, we!" alifoka yule mtu, kisha akaongeza tusi ambalo sitaliandika. Alimsukuma baba kifuani kwa mikono miwili. Baba aliangukia viti vya mbele, karanga zikatapakaa, na alipoinuka mdomo wake ulikuwa umechanika.

Niliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umekunjwa ngumi. Nilimjua baba, hotelini aliwahi kumlaza mpishi kwa ngumi moja, na mama alilikumbusha hilo kila mara. Ngumi ile ilipanda hadi usawa wa kiuno, ikasimama. Kisha vidole vikafunguka kimoja kimoja. Baba alikuwa anahesabu wiki tatu.

Mimi sikuhesabu kitu. Nilipanda juu ya kiti, nikaunyaka ule mkono mnene uliokuwa na mpira, nikauma. Niliuma kwa meno niliyokuwa nayo, maana mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Nilisikia ladha ya chumvi, haradali, kisha damu. Yule mtu alipiga ukelele, mpira ukamdondoka, na sijui mpaka leo uliishia kwa nani.

"Mtoto wako mnyama!" alipiga kelele. "Mnyama!"

Hapo ndipo baba alipofanya kosa, na ningependa ulielewe vizuri. Huko alikokulia, mtoto akimkosea mtu mzima, mzazi humchapa mtoto wake palepale mbele ya aliyekosewa. Mwenyewe aliwahi kunisimulia jinsi alivyovunja mguu wa mbuzi wa jirani kwa jiwe, na babu akamcharaza fimbo uani kwa yule jirani. Fimbo ya tatu haikufika, kwa kuwa jirani alimshika babu mkono na kusema, "Basi, baba, inatosha, ni mtoto." Wakaketi, wakanywa uji. Yaani kile kipigo ni namna ya kuomba radhi, na aliyekosewa ana fungu lake: ni yeye anayepaswa kukizuia.

Baba alinivuta chini kutoka kwenye kiti, akanizaba kofi la shavu la kushoto. Kisha akamtazama yule mtu, akingoja.

Yule mtu alimkodolea macho baba. Alikuwa ameshika mkono wake, mdomo wazi.

Baba akanizaba la pili, zito zaidi. Akamtazama tena. Sasa najua alikuwa anamwomba. Macho yake yalisema, sema basi, inatosha, ni mtoto. Hakuna aliyesema. Sehemu yetu yote ya uwanja ilinyamaza, watu walewale waliokuwa wakishangilia damu muda mfupi uliopita. Yule mama wa kofia alisimama, uso umemwiva, akampungia mkono askari wa ngazini.

"Huyu! Amempiga mtoto! Nimeona kwa macho yangu!"

Askari aliweka bisi zake chini, akaja. Alimwambia baba asimame kwenye uzio, mikono ionekane. Kisha akachutama mbele yangu. Alikuwa na uso mwema, na mkononi alishika kijitabu na kalamu.

"Shavu lako limepatwa na nini, mpenzi?"

Kutoka kwenye uzio baba aliita kwa Kiswahili, "Sema ukweli, mama. Usiogope."

"Usimsemeshe," alisema askari bila kugeuka.

Nilimwangalia baba. Mdomo ulimvuja, na mikono yake aliyoitanguliza mbele ilikuwa wazi, mitupu, kama ya mtu anayeonyesha kwamba hakuiba. Maneno ya nesi yalinijia: uone maajabu. Polisi alikuwa amekuja bila mimi kupiga simu, na kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Nyumbani kwetu kusema uongo kulikuwa na kofi lake maalumu, zito kuliko mengine yote.

"Nilianguka," nilisema kwa Kiingereza changu kizuri cha shuleni. "Huyu mtu alimsukuma baba, na mimi nikaangukia kiti."

Askari alilitazama shavu langu. Vidole vinne vilikuwa vimechorwa pale, na kiti hakina vidole. Akamtazama yule mtu wa nyuma, aliyekuwa amejifunga karatasi mkononi. Huyo, aliposikia habari ya kusukuma, alitikisa kichwa haraka na kusema hana shida na mtu, yamekwisha. Askari aliutazama mdomo wa baba uliochanika. Kisha akafunga kijitabu bila kuandika.

"Mpeleke mtoto nyumbani," alimwambia baba.

Yule mama wa kofia alinitazama nikipita, macho yamejaa machozi. Nilimchukia kwa miaka mingi. Leo nami nina mtoto, na najua kwamba katika watu wote wa pale, ni yeye tu aliyesimama kwa ajili yangu.

Garini baba hakuwasha moto. Alishika usukani akatazama mbele.

"Nani amekufundisha kudanganya?" aliuliza.

Nilidhani la tatu linakuja. Nikainua kiwiko kufunika uso. Baba alikiona kile kiwiko. Alifungua mlango, akatoka, akalizunguka gari lote polepole, akarudi akaketi palepale. "Ni mimi," alisema. Kisha akawasha gari, tukaenda nyumbani.

Usaili ulikwenda vizuri. Makaratasi yalitoka. Baba hakunipiga tena maishani, na mdogo wangu aliyezaliwa baadaye hakupata kuonja kofi lake hata moja; nikimsimulia haya anadhani natunga. Kama wewe ni mzazi uliyeko ugenini na unasoma haya huku moyo ukikudunda, usidhani nakuhukumu. Inawezekana kuacha. Baba yangu aliacha kwa siku moja.

Ila ngoja nikwambie na kilichoondoka pamoja na kofi, maana hakuna aliyenionya. Zamani baba alikuwa akinivuta sikio kwa utani, akinisugua kichwa, akinitoa makamasi kwa kidole gumba. Baada ya siku ile, tukiwa nje, aliangalia kwanza kushoto na kulia kabla ya kunigusa. Baadaye akaacha kabisa, hata ndani. Nikianguka na baiskeli alisimama hatua mbili mbali, mikono nyuma, akimwita mama. Nilimnusuru na askari, nami mwenyewe nikageuka askari wake.

Siku ya mahafali yangu ya chuo kule Fairfax, wazazi wa wenzangu waliwakumbatia watoto wao na kuwainua juu. Baba alinijia katikati ya umati, akasimama mbele yangu kwa adabu, akaninyooshea mkono kama mtu anayeaga ofisini. Niliupokea kwa mikono yangu yote miwili. Miaka yote ile nilikuwa nimeukumbuka kuwa mzito, na haukuwa na uzito wowote.