Kimya Kwenye Kanda ya Nyanya

Mwezi uliopita nilipata barua pepe kutoka chuo kimoja hapa London. Walikuwa wamekuta kanda za zamani ndani ya sanduku, wakazihamishia kwenye kompyuta, na moja ilikuwa na anwani ya nyumba yetu ya Thornton Heath. Waliuliza kama kuna mtu katika familia anayeweza kuwatafsiria, maana lugha yetu ni ya watu wachache wa vilima viwili vitatu kule Kenya. Niliisoma nikiwa kazini, kwenye duka la dawa pale Stratford, nikamsahau kabisa mteja aliyekuwa mbele yangu. Nilijua ni sauti ya nani. Nyanya alifariki siku nyingi zilizopita, na nilidhani sauti yake ilienda naye.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu, ndipo utanielewa. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Mama alikuwa nesi, amejifungua mdogo wangu, likizo imekwisha na mtoto hana wa kumshika. Basi Nyanya akaletwa kutoka nyumbani kwa miezi sita. Alifika amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na amebeba mfuko wa maharagwe ambao mpaka leo sijui aliupitishaje uwanja wa ndege. Alisema huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata kama mtu huyo umemzaa mwenyewe.

Nikitoka shule nilikuta nyumba inanukia vitunguu, mtoto yuko mgongoni kwake ndani ya leso, na dirisha la jikoni limejaa mvuke. Jumamosi tulienda kwa Mhindi mmoja mwenye duka, mzaliwa wa Kisumu, aliyemwita Nyanya "Mama" na kumvunjia ncha ya muhogo ili auone ulivyo mweupe. Walipiga soga za Kiswahili mpaka foleni ikafika mlangoni, na mimi namvuta mkono nikiona aibu. Aibu ya nini, leo siwezi kukuambia.

Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana, ng'ombe wasije wakapotea. Lakini wewe unaijua London wakati wa baridi, saa kumi jioni giza limeshaingia. Nyanya alifurahi mno. Alisema Wazungu wamepewa nchi ya hadithi, nao wanaitumia kutazama televisheni. Basi tulikaa mezani tukichagua maharagwe, mawe upande huu, mabovu upande ule, yeye anasimulia na mimi naitika.

Hilo la kuitika nikueleze vizuri. Kwetu hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Kila kipande kikiisha msimulizi hunyamaza, na mwenzake hujibu neno moja tu, ambalo maana yake ni "twende." Usipoitika, hasogei. Ukikaa kimya mara tatu anaifunga hadithi hapo hapo, kwani ameshajua umelala. Nyanya alikuwa akisema hadithi haitembei kwa mguu mmoja. Mimi lugha yetu niliielewa nusu nusu na nilijibu kila kitu kwa Kiingereza, lakini neno hilo nililitamka vizuri kuliko hata Mama.

Ilikuwepo hadithi moja aliyoiweka akiba. Hiyo, alisema, nyanya humpa mjukuu na mama hampi mwanawe, ndiyo maana hata mama yangu hajawahi kuisikia. Aliniahidi nitaipata kabla hajaondoka.

Ilipobaki wiki mbili arudi, akaja mtafiti. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, Mwingereza mpole, akikusanya hadithi za lugha ndogo ndogo, na alikuwa amesikia habari za Nyanya kanisani kwetu. Alikuja asubuhi. Nyanya akafunga mapazia yote ili mchana usituone, akajifunga leso mpya, akaniambia kwa kuwa mgeni ametoka mbali, leo ataitoa ile aliyoiweka. Mtafiti naye akaomba pawe kimya kabisa. Friji ikazimwa, saa ya ukutani ikatolewa betri, Mama akapanda juu na mtoto. Mimi nikapewa kazi ya kuangalia taa nyekundu ya mashine, ikizimika niseme. Hujapata kuona mtoto mwenye cheo kama mimi siku ile.

Nyanya akaanza. Akanyamaza, akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni. Akasema tena kidogo, akanyamaza, akanitazama. Mtafiti akatabasamu, akidhani bibi wa watu anavuta pumzi. Mwishowe Nyanya akakunja mikono, mgeni akashukuru sana, tukawasha friji. Mimi sikusikiliza hata neno moja. Nilijua yote imo ndani ya mashine, nitaisikia siku yoyote nitakayotaka.

Nyanya akarudi nyumbani, na sikumwuliza tena. Kwenye simu nilikuwa nasema "I'm fine, Nyanya," kisha nampa Mama. Alipofariki nilikuwa na mitihani.

Sasa kanda imerudi. Niliiweka kwenye simu nikaipeleka kwa Mama, ambaye bado anaishi nyumba ile ile, ili anisaidie maneno magumu. Alisikiliza ameshika kikombe cha chai, na chai ikapoa. Hadithi ni ya msichana aliyetumwa kwa jirani kuomba moto. Anafika, anakuta mlango umefungwa, na ndani kuna mtu anaimba kwa sauti ya mama yake msichana huyo, aliyemwacha nyumbani sasa hivi. Anauliza, nani yuko ndani? Hapo hapo pameishia.

"Halafu?" nikamwuliza Mama.

"Mimi nitajuaje? Hiyo si yangu. Hiyo ulipewa wewe."

"Labda kule nyumbani kuna mtu anaijua."

"Nani? Wewe unadhani watoto wa huko siku hizi wanakaa na nyanya zao? Na wao ni phone tu, same as hapa." Akaweka kikombe chini. "Mbona hukuitika?"

Waswahili husema majuto ni mjukuu, na mimi ndiye mjukuu mwenyewe.

Jana nilienda chuoni kumaliza tafsiri. Fomu yao ilionyesha kila mahali Nyanya aliponyamaza, na kila mahali mtu ameandika kwamba msimulizi anapumzika. Nimefuta, nikaandika, "Hapa mjukuu hakuitika." Nimeandika hivyo mara saba. Desturi inasema mara tatu, lakini Nyanya aliivunja desturi akanisubiri mara saba, na kati ya ya tano na ya sita inasikika sauti ndogo ya kitoto, yenye cheo kikubwa, ikinong'ona, "Carry on, Nyanya, it's recording."

Duka la yule Mhindi siku hizi linatengeneza simu. Maharagwe nanunua ya kopo. Neno la kuitikia ninalo bado, ila sina wa kumwitikia. Nimekaa nalo miaka yote hii kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Pale chuoni, kabla sijafunga kompyuta, niliirudisha kanda mwanzo. Safari hii kila alipoacha, niliitika. Msichana akatumwa moto, nikaitika. Akafika mlangoni, akasikia wimbo, nikaitika. Akauliza ni nani yuko ndani, Nyanya akanyamaza mara ya saba, nami nikalisema neno letu kwa sauti kubwa mpaka mwanamke wa meza ya jirani akageuka kunitazama. Kanda ikaendelea kimya, kama siku ile. Kisha Nyanya akasema taratibu, bila hasira yoyote:

"Basi. Mwenzangu amelala. Tumwache alale."