Pumzi Kabla ya Ubeti wa Pili

Mama ni fundi redio, na mambo ya sauti usibishane naye. Jana shemeji yake, baba yangu mdogo, alikuja kuringia kicheza CD chake cha kutembea nacho.

"Shemeji, hicho chako kizee kipeleke makumbusho!"

Mama alichomeka hedifoni kwenye kile cha mgeni, akaweka CD ya kwaya aliyoiongoza marehemu bibi, mama yake baba mdogo.

"Kabla ya ubeti wa pili kuna mtu anavuta pumzi. Unamsikia?"

"Hakuna mtu hapo."

Mama akahamishia CD na hedifoni kwenye kizee chake. Baba mdogo akasikiliza, akaganda.

"Ni mama yangu huyo," alisema. Kisha akanywea. "Basi chako ndicho bora."

"Nani kasema?" Mama alirudisha CD na hedifoni kwenye cha mgeni, akazima kitufe kimoja. "Hiki huzuia CD isirukeruke ukitembea, lakini kinakula sauti ndogondogo. Wewe umekaa kwenye kochi, unakiwashia nini? Sikiliza sasa."

Safari hii baba mdogo alifumba macho.

"Yupo karibu zaidi," alinong'ona.

"Chako kinashinda changu," Mama alisema. "Muda wote huo ulikuwa unamziba wewe mwenyewe."