Kazi Yangu Ilikuwa Kushika Koti

Mume wangu alikuwa mpiga picha, na watu wa Tukuyu wanadhani kazi ile aliifanya peke yake. Haya. Mpira ulipoingia golini, mwenye kazi nilikuwa mimi.

Nikwambie ilivyokuwa. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, magazeti mapya yaliota kama uyoga. Moja la Dar likamwambia: tuletee picha ya goli, mpira uonekane ndani ya wavu, tukiipenda tunakuajiri. Yeye mpaka hapo alikuwa anapiga harusi na wachuma chai. Wachuma chai walimtesa. Anawabembeleza kwa ile sauti yake ya puani, "Mama zangu, fanyeni kazi kama mimi sipo." Wenyewe wakisikia anakuja, wanaingia shambani na magauni ya kanisani, mmoja kavaa viatu vya mchuchumio kwenye matope, kikapu mgongoni. "Mwe, tupige vizuri, hizi zitafika Ulaya."

Hao aliwamudu. Shida ilikuwa mpira. Alikuwa shabiki wa timu ya mjini mpaka basi. Timu yake ikifunga, anaruka. Anaruka na kamera. Picha zinarudi kutoka kusafishwa Mbeya, tunaangalia: mawingu, mwavuli wa mtu, mawingu tena. Wale wa gazeti wakamwambia kwa simu ya posta, "Bwana, safari hii ukikosa tunachukua mwingine."

Basi siku ya mechi na timu ya kiwanda cha chai akaniambia, "Mama watoto, leo unakuja kunishika." Nikachuchumaa nyuma yake pembeni ya goli, nimekamata pindo la koti kwa mikono miwili. Watu wanacheka. "Dada, huyo mbuzi unauza?"

"Anakula sana," nikawajibu. "Hamtamweza."

Wakacheza kwenye manyunyu, goli hakuna. Mume wangu akamaliza mkanda kwa kupiga watu wakianguka kwenye matope, ikabaki picha moja tu. Mechi inakaribia kuisha, timu ya mjini ikapata penati.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi.

Kwetu mke haonani na baba mkwe. Hamsalimii, hamwangalii, njia moja hawapishani. Wa kwangu alikuwa mstaarabu: akikaribia anakohoa, khe-khe-khe, mimi najitupa migombani mpaka apite. Sikujua kama anapenda mpira. Kumbe katoka Ikuti kwa miguu aje kumwona mwanawe kazini, na sasa yuko mgongoni kwangu. Khe. Khe-khe. Na pale uwanjani mgomba hata mmoja.

"Nikuachie?" nikamnong'oneza mume wangu.

"Ukiniachia, kazi imekwenda."

"Baba yako yuko nyuma."

Akachungulia nyuma. Halafu kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari, "Kimbia."

Nikajifunika kanga kichwa kizima, nikakimbia. Nyuma mzee, mbele uwanja, basi nikakatiza mbele ya goli. Filimbi ilikuwa imeshalia. Kipa akageuza shingo kunitazama mimi, mpira ukapita upande wa pili, ndani.

Wa kiwandani wakamvaa refa. Wengi walikuwa watu wa wilaya nyingine. "Mwanamke kakatiza uwanja, penati irudiwe!"

Refa, mtoto wa hapa hapa, akamwangalia mzee na mwavuli wake, akaniangalia mimi nilivyojikunja nyuma ya nguzo. "Huyu alikuwa anamkimbia baba mkwe," akasema. "Mlitaka afanyeje? Goli."

"Kwetu sisi," kapteni wa kiwanda akasema, "tunakimbia fisi."

Na mume wangu? Hakuruka. Alishangaa mpaka akasahau kuruka, kidole tu ndicho kilichocheza. Picha ikarudi: mpira kwenye wavu, kipa kageuka, na pembeni kabisa mwanamke asiye na kichwa anakimbia. Gazeti likaitoa, na yeye wakamchukua. Akapiga mipira, misiba na mafuriko nchi nzima mpaka alipozeeka. Akienda mbali bila mimi, alifunga pindo la koti kwenye nguzo.

Mzee alilipenda lile gazeti kupita kiasi. Ila mkwe ni mkwe hata akiwa gazetini, basi akalikunja, mimi nikabaki upande wa nyuma. Kila mgeni anaonyeshwa. Mgeni anauliza, kipa anaangalia nini? Mzee anajibu kwa sauti ya kanisani na lafudhi ya kwetu isiyo na z, "Anatasama mvua."

Siku moja mama mkwe akanitolea nilione. Pale kwenye mkunjo karatasi ilikuwa imelegea, inakaribia kukatika, kwa kufunguliwa na kufungwa.

"Mama, nani analifungua hili?"

"Mwe, mimi sijui," akasema, macho kwenye chungu. "Ila kabla hajalifungua, huwa anakohoa."